Wasomaji wa Majibu ya Seliaki

Karatasi ya majibu ya damu ya mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa seliaki huwa fupi. Mistari miwili au mitatu tu: tTG-IgA na tarakimu yake, pengine EMA iliyoandikwa "chanya" au "hasi", na chini kabisa IgA ya jumla. Mgonjwa akiipokea, jicho lake hukimbilia palipotiwa nyota au wino mzito. Daktari aliyeizoea kazi hii haanzii hapo. Hushuka kwanza hadi ule mstari wa chini ambao hakuna aliyeuulizia, na asipouona anaweza kukataa kusema lolote kuhusu mistari mingine mpaka maabara ipigiwe simu.

Mwendo huo unanivutia kila ninapoufikiria. Zamani nilidhani kipimo cha damu ni jambo la ndiyo au hapana, na kwamba ujuzi wote uko kwenye mashine. Seliaki ni mahali pazuri pa kuona kwamba mashine hufanya nusu ya kazi, na kwamba kuna watu, wengi wao wasiojulikana hata na mgonjwa mwenyewe, ambao hukamilisha nusu ya pili kwa macho, kwa maswali na kwa subira.

Ugonjwa wenyewe unatokea hivi. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, inaingia tumboni mwa mtu aliyezaliwa na urithi fulani, na mfumo wake wa kinga unaichukulia kama adui. Katika ghasia hizo kinga inaugeukia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Vijidole vidogo vinavyofunika ukuta wa ndani wa utumbo, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, vinafupika hata kutoweka. Mtu anakula lakini chakula hakimfai. Anaharisha, anakonda, mtoto hakui. Au hana tatizo lolote la tumbo, ila damu inampungua mwaka hadi mwaka na vidonge vya madini ya chuma havileti nafuu. Wakati huo mwili wake unatoa kingamwili za aina ya IgA, na hizo ndizo zinazotafutwa kwenye damu.

Sasa, wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA kabisa, au inatengeneza kidogo mno. Wengi wao hawana habari. Wanaishi kama watu wengine. Ubaya ni kwamba hali hiyo iko zaidi kwa wenye seliaki kuliko kwa watu wa kawaida, kiasi cha asilimia 2 hadi 3 yao. Mtu kama huyo akipimwa tTG-IgA, majibu yanarudi yakiwa chini kabisa, ya kufurahisha, na hayana maana yoyote. Kipimo kimetafuta kitu ambacho mwili wake hauwezi kukitoa. Ndiyo sababu ya kuanzia chini ya karatasi. IgA ya jumla ikiwa haba, msomaji anaziacha tarakimu za juu na kuomba vipimo vya kingamwili za aina ya IgG, ambazo si makini kama zile za kwanza lakini angalau mwili huo unazo.

Swali linalofuata halimo kwenye karatasi. Kingamwili za seliaki zinaishi kwa kulishwa: gluteni ikiendelea kuingia, nazo zinaendelea kutolewa, gluteni ikikatwa, zinapungua mwezi baada ya mwezi. Mtu aliyesikia kwamba ngano inamdhuru, akaiacha, akapata nafuu, kisha akaenda kupimwa, ameufuta ushahidi kabla ya kwenda mahakamani. Miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa awe anakula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 angalau, kabla ya kutolewa damu. Daktari akimwambia mgonjwa arudie kula mkate unaomuumiza ili tu apimwe vizuri, anaonekana mkatili. Ila bila hivyo majibu hasi ni karatasi tupu.

Kwetu swali hili linahitaji ufundi wa ziada. Ukimuuliza mtu wa Tanga au Kisumu kama anakula gluteni, atakutazama. Ukimuuliza kama anakula ngano, atajibu kwamba anakula ugali. Anayejua kuuliza huuliza hivi: "Mama, asubuhi chai unakunywa na nini?" Hapo ndipo chapati, maandazi, kaimati na mkate wa dukani vinapojitokeza. Kisha anachambua. Kitumbua cha unga wa mchele hakihesabiwi, wala mkate wa kumimina, wala muhogo wa kuchemsha. Mtama na wimbi havina gluteni, mahindi hayana. Sambusa ina manda ya ngano, tambi ni ngano tupu. Mtu anayekula wali mchana na ugali usiku, na andazi moja Jumapili, anaweza kuwa na damu isiyosema kitu hata kama urithi wa ugonjwa anao. Na upande wa pili, damu iliyopungua katika nchi zetu ina washukiwa wengine wengi wa kuulizwa kwanza: minyoo, malaria, lishe, hedhi nzito. Kushuku seliaki palipo na sababu hizo zote ni kazi ya mtu asiyekata tamaa na vidonge vya chuma vilivyoshindwa.

Uhusiano huu wa mkate na ugonjwa ulichukua muda mrefu kuonekana. Samuel Gee, daktari wa London, aliueleza ugonjwa wenyewe vizuri sana katika andiko lake la 1888, na akaona kwamba kama kuna tiba itakuwa kwenye chakula. Chakula gani, hakujua. Mwaka 1924 huko New York, Sidney Haas aliwalisha watoto wagonjwa ndizi, wakapona, naye akaamini kwamba ndizi ndiyo dawa. Mtu yeyote wa Bukoba angefurahi kusikia hivyo. Kumbe ndizi ilichofanya ni kukaa mahali pa mkate. Aliyelikata fundo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto katika jiji la The Hague, Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiwaondolea ngano baadhi ya wagonjwa wake. Halafu vita vikaleta ile njaa ya kipupwe cha 1944 na 1945, mkate ukaadimika, na uzoefu wa miaka hiyo ukamtia nguvu zaidi katika shaka yake. Tasnifu yake ilitoka Utrecht mwaka 1950.

Ninachokipenda kwa Dicke na wenzake ni kile walichokitumia kama kipimo. Hapakuwa na kingamwili ya kupima. Mwenzake mmoja, mkemia J. H. van de Kamer, alibuni njia ya kupima mafuta yaliyomo kwenye choo cha mtoto, kwa kuwa utumbo ulioharibika huyaacha mafuta yapite bila kufyonzwa. Wakawapa watoto ngano, wakapima. Wakawaondolea, wakapima tena. Siku kwa siku, mtoto kwa mtoto, vyombo vya choo vikihesabiwa na kupewa majina. Kazi isiyo na heshima hata kidogo, na bila hiyo hakuna leo anayejua kwa nini tTG inapimwa.

Kipimo cha tTG kinafanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Ndani ya kila kishimo imegandishwa transglutaminasi ya tishu, kimeng'enya ambacho sote tunacho mwilini na ambacho kazi yake ya kila siku ni kuunganisha protini. Serumu ya mgonjwa, yaani majimaji ya manjano yanayobaki juu damu ikishazungushwa kwenye mashine, inazimuliwa na kutiwa kishimoni. Kama ina kingamwili zinazotafutwa, zinajishika kwenye kimeng'enya. Kishimo kinaoshwa. Kinatiwa kingamwili nyingine inayoitambua IgA ya binadamu, ikiwa imebeba kichochezi cha rangi. Kinaoshwa tena. Kinatiwa kitendanishi, kinageuka bluu palipo na kitu cha kugeuza. Tone la asidi linaifanya bluu kuwa manjano na kuisimamisha hapo. Mashine inapima ukali wa manjano hayo na kuyafanya tarakimu.

Ukisoma maelezo hayo utadhani ufundi uko kwenye vitendanishi. Mtu wa maabara atakwambia uko kwenye kuosha. Kuosha kidogo kunaacha mabaki yanayopandisha rangi kwenye kila kishimo, hata cha mtu mzima wa afya. Kuosha kwa nguvu kupita kiasi kunang'oa kilichoshikwa. Vishimo vya pembeni hukauka upesi kuliko vya katikati. Kwa hiyo kila sahani ina vishimo vyake vya uchunguzi, kimoja kinachojulikana kuwa chanya na kimoja hasi, na mtaalamu huvitazama hivyo kabla ya kutazama mgonjwa yeyote. Vikiwa vimekosea, sahani nzima inatupwa, hata kama ina majibu ya watu 40 wanaosubiri.

Na tarakimu inayotoka haina uzito wake yenyewe. Kila mtengenezaji wa kipimo ana vizio vyake na kikomo chake. Mtu mwenye 30 katika maabara ambayo kikomo chake ni 20 ameuvuka mpaka kidogo tu. Mwenye 30 pale ambapo kikomo ni 3 yuko mbali kabisa. Ndiyo maana wajuzi hawasemi "tTG yako ni 30". Wanasema ni mara ngapi ya kikomo. Ni jambo dogo, lakini ukimsikia daktari akilisema ujue umefika kwa anayejua.

EMA ni habari nyingine, na kwangu mimi ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Kilianzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Tadeusz Chorzelski wa Warsaw na wenzake, ambao walikuwa madaktari wa ngozi. Walikuwa wakichunguza upele mmoja wenye malengelenge na mwasho mkali unaoandamana na seliaki, wakakuta kingamwili inayojishika kwenye utando mwembamba unaozizunguka nyuzi za misuli laini. Hakuna mashine inayotoa tarakimu hapa. Kuna kipande cha umio wa tumbili, kilichogandishwa na kukatwa chembamba kiasi cha mikroni chache, kikalazwa juu ya kioo. Serumu ya mgonjwa inawekwa juu yake, inaachwa kwenye chombo chenye unyevu ili isikauke, inaoshwa. Kisha inafuata kingamwili iliyofungwa rangi ya fluoresini, ambayo ikipigwa mwanga wa bluu hujibu kwa kijani.

Chumba kinatiwa giza. Msomaji anaupitia umio kwa hadubini, kutoka tabaka hadi tabaka, akitafuta lile la misuli lililo chini ya utando wa ndani. Hapo, kama mgonjwa ana kingamwili, inaonekana wavu wa kijani kama sega la nyuki: kila uzi wa msuli una giza katikati na mstari mwembamba wa mwanga pembeni, ukiungana na wa jirani yake. Ni giza la katikati ndilo linaloamua. Wapo watu wenye kingamwili nyingine zinazoshambulia msuli wenyewe, na kwao kijani hujaa ndani ya uzi na kuufanya ung'ae wote. Wengine huwashiwa viini vya seli. Mgeni akiangalia ataona kijani tu, ataandika "chanya". Aliyezoea anauliza kijani kiko wapi.

Tena hawezi kukawia. Fluoresini hufifia kadiri inavyomulikwa, kwa hiyo kutazama kwenyewe kunakula kinachotazamwa. Msomaji hujifunza kutulia na kufanya haraka kwa wakati mmoja: anafungua mwanga, anasoma, anafunga. Akiwa na shaka anamwita mwenzake asome bila kuambiwa kitu. Kioo kikiwa chanya, serumu inazimuliwa mara mbili, kisha mara mbili tena, 1:10, 1:20, 1:40, mpaka ule wavu uzimike, na kiwango cha mwisho uliposomeka ndicho kinachoandikwa. Mwishoni, kazi hii yote inabaki neno moja na uwiano mmoja kwenye karatasi. Mgonjwa hawezi kujua kwamba mtu alikaa gizani kwa ajili yake.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Italia walionyesha kwamba kamba ya kitovu cha mtoto mchanga, ile ambayo ikishakatwa hutupwa, inafaa kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu kuta za mishipa yake zimejaa misuli laini. Tumbili wakapata afueni. Na mwaka 1997, huko Berlin, Walburga Dieterich, Detlef Schuppan na wenzao walitambua kile ambacho kingamwili hizo zilikuwa zikijishika nacho: ni ile transglutaminasi ya tishu. Kumbe kwa zaidi ya miaka 10 wasomaji wa EMA walikuwa wakiutambua mwanga sawasawa bila mtu kujua unaangukia nini. Vipimo vya kwanza vya tTG vilitumia kimeng'enya kilichotolewa kwenye ini la simbilisi (guinea pig) wa maabara, navyo vilidanganya mara kwa mara. Vilipotengenezwa kwa kimeng'enya cha binadamu vikatulia. Kwa hiyo EMA na tTG ni njia mbili za kumkamata mtu mmoja. tTG ni rahisi, inapima wengi kwa siku, na inawakosa wachache. EMA ni ya polepole na ya gharama, lakini ikisema ndiyo, karibu kila mara ni ndiyo.

Ushirikiano huo ndio uliozaa kanuni ambayo madaktari wa watoto wa Ulaya waliitoa mwaka 2012 na kuilegeza mwaka 2020. Mtoto ambaye tTG-IgA yake imefika mara 10 ya kikomo au zaidi, kisha EMA ikawa chanya kwenye damu iliyotolewa siku nyingine, anaweza kuthibitishwa kuwa na seliaki bila kuingizwa kamera ya tumbo. Zingatia hiyo damu ya pili. Kichupa kimoja kinaweza kubandikwa jina la mtu mwingine, na hukumu hii ni ya maisha yote. Nadhani hakuna sharti lenye busara kuliko hilo katika mwongozo mzima, nalo halihusu kingamwili hata kidogo, linahusu karani na kalamu yake.

Shida iko kwa walio chini ya mara 10, na kwa watu wazima, ambao sehemu nyingi bado wanahitaji kuchukuliwa kinyama cha utumbo. tTG iliyopanda kidogo inaweza kutokana na ugonjwa wa ini, na kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza inaweza kupanda na kushuka yenyewe. Msomaji mzuri hapo hasemi ndiyo wala hapana. Anasubiri, anarudia, au anaagiza kamera. Anayeishika kamera naye ana ufundi wake: anachukua vinyama 4 angalau kutoka sehemu ya pili ya duodeni, na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake, maana uharibifu huwa wa viraka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia penye uzima. Na kinyama kikilazwa upande ovyo kabla ya kukatwa, vijidole vyenye urefu wake kamili vitaonekana vifupi. Mtaalamu wa tishu anayeviweka kwenye daraja alizoziasisi Michael Marsh mwaka 1992 hukataa kwanza kusoma kilichokatwa mshazari. Katika nchi za joto anakumbuka pia kwamba giardia na maambukizi mengine ya utumbo huweza kufupisha vijidole hivyo hivyo.

Kipimo cha urithi, HLA-DQ2 na DQ8, kinasaidia upande mmoja tu. Mtu asipokuwa na hata kimoja, seliaki inaweza kuwekwa kando. Akiwa nacho hajajua kitu, kwa sababu karibu theluthi moja au zaidi ya watu wa Ulaya wanacho, na wenye ugonjwa huko ni kama asilimia 1. Kwa watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ilikutwa asilimia 5.6, na mlo wao ulikuwa umejaa ngano.

Ugonjwa ukishathibitishwa na ngano ikakatwa, damu inarudi kupimwa, na hapa kusoma kunabadilika. Sasa mpaka hauna maana kubwa. Kinachosomwa ni mteremko. tTG iliyokuwa mara 12 ya kikomo ikawa mara 5 baada ya miezi 6 inakwenda vizuri, ingawa karatasi bado itaipiga nyota na kumtia mgonjwa hofu. Wanaojua hawakubali kulinganisha tarakimu za maabara mbili tofauti. Na ikishuka chini ya kikomo hawakimbilii kusema utumbo umepona, maana kwa watu wazima vijidole huchelewa sana nyuma ya damu, wakati mwingine kwa miaka.

Mara nyingine mteremko unasimama. Mgonjwa anaapa kwamba hajagusa chapati wala mkate tangu siku aliyoambiwa, na huenda anasema kweli. Hapo karatasi inawekwa kando na maswali yanaingia jikoni: mafuta ya kukaangia yanayotumika kwa maandazi ya watoto na kwa ndizi zake, sosi ya soya ya chupa, mashine ya mtaani inayosaga ngano ya huyu, kisha muhogo wa yule, bila kufagiliwa. Na ule uji wa lishe anaokunywa kila asubuhi ili apate nguvu, ambao unga wake mara nyingi, pamoja na mahindi, soya, karanga na ulezi, huwa umetiwa na kilo ya ngano.